Lakrosi ya vyuo, Jumamosi usiku, Ng'ong'ona: ukumbi mzuri, ratiba ya kubahatisha

Ukumbi wenyewe ni banda la bati upande wa Ng'ong'ona, mwendo wa miguu tu kutoka Chuo Kikuu cha Dodoma. Viti vya plastiki kama themanini, projekta moja inayoning'inia kwenye kenchi, na ukuta uliopakwa rangi nyeupe badala ya kitambaa. Wiki nzima ni ligi ya Uingereza na Simba na Yanga kama mabanda mengine yote ya kuangalizia mpira. Kinachoutofautisha ni Jumamosi za kuanzia Februari hadi mwisho wa Mei: humo ndani wanaonyesha lakrosi ya vyuo vikuu vya Marekani, moja kwa moja, kiingilio shilingi 1,000 kwa mechi au 15,000 kwa kadi ya msimu. Jina tunaliacha. Wanaokwenda wanaujua, na asiyeujua akiwauliza bodaboda "kule kwenye mpira wa vijiti" atashushwa mlangoni.

Kwa asiyeujua mchezo: ni fimbo yenye kikapu cha wavu kichwani, mpira mdogo mgumu wa raba, na lango la mraba la mita 1.83 kila upande. Wanaume wa vyuo wanacheza 10 kwa 10: kipa, mabeki watatu, viungo watatu, washambuliaji watatu. Robo nne za dakika 15. Utarudi kwenye Olimpiki mwaka 2028 kule Los Angeles, kwa mtindo mfupi wa wachezaji sita, na tangu hilo litangazwe Oktoba 2023 watu wa michezo vyuoni wameanza kuuliza maswali. Hapa Dodoma jibu la karibu zaidi ni banda hili.

Tuanze na ratiba, maana ndiko kunakoumiza.

Ubao wa mlangoni huandikwa kwa chaki kila Alhamisi, na una kosa lile lile msimu mzima. Anayeuandika anajumlisha saa 8 kwenye saa za mashariki ya Marekani, kisha anageuza kuwa saa zetu. Februari anapatia. Jumapili ya pili ya Machi Wamarekani wanasogeza saa zao mbele kwa saa moja; sisi hatusogezi kitu. Kuanzia siku hiyo tofauti ni saa 7, lakini ubao unaendelea na 8 hadi Mei. Matokeo yake mtu anaingia saa 2 kamili usiku, ameshalipa, ameshaagiza chai, anakuta timu zinarudi kutoka mapumziko na matokeo ni 7–5. Ukumbi haurudishi hela kwa hilo, na wakilalamikiwa wanasema "hao Wamarekani wameanza mapema." Hawajaanza mapema.

Usiutegemee ubao. Hesabu ya Kiswahili ina njia ya mkato ambayo haihitaji simu. Kuanzia hiyo Jumapili ya Machi, chukua saa iliyoandikwa kwenye ratiba ya mashariki ya Marekani, ongeza moja, basi. Iliyoandikwa 12 mchana kwao ni saa 1 usiku Dodoma. Ya 1 ni saa 2 usiku. Ya 2:30 ni saa 3:30 usiku. Ya 7 jioni yao ni saa 8 usiku, na hapo kumbuka kwamba Jumamosi yao imeshakuwa usiku wa kuamkia Jumapili kwetu. Siri yake ni kwamba sisi tuko mbele kwa saa 7, lakini tunahesabu kuanzia alfajiri, kwa hiyo 6 zinaliwa na inabaki 1. Kabla ya Jumapili hiyo ya Machi ongeza 2. Tahadhari moja: Denver na Utah wanacheza nyumbani kwa saa za milimani, saa 2 nyuma ya mashariki, na tovuti za vyuo hivyo mara nyingi huandika saa za kwao. Hao waongezee 3.

Ukishaijua hesabu hiyo utagundua jinsi mchezo huu ulivyotukalia vizuri. Mechi nyingi za Jumamosi zinaanza kati ya saa 12 jioni na saa 4 usiku. Nusu fainali za NCAA, chama cha michezo ya vyuo cha Marekani, huchezwa Jumamosi ya wikiendi ya mwisho wa Mei, na fainali Jumatatu, siku yao ya kuwakumbuka askari waliofariki. Kwa miaka ya karibuni fainali imeandikwa ya 1 mchana kwao, yaani saa 2 usiku wetu. Unatoka kazini, unakula, unafika.

Picha sasa. Mpira wa lakrosi una kipenyo cha sentimita 6.3 hadi 6.5 tu, na shuti la mchezaji wa chuo mwenye mkono mzuri linapita kilomita 150 kwa saa. Kwa mwendo huo, matangazo yakiwa ya picha 30 kwa sekunde, mpira unasafiri karibu mita 1.4 kati ya picha moja na inayofuata. Kwa picha 60 ni mita 0.7. Hiyo ndiyo tofauti kati ya kuuona mpira ukiingia na kuona tu wavu ukitikisika. Kijana wa mitambo anapenda kuchagua ukali wa picha wa 1080 kwa sababu namba ni kubwa; intaneti ikipungua inashuka yenyewe mpaka 480, inazunguka, inarudi, na bao limepita. Mwambieni aifunge kwenye 720 yenye picha 60 asiiguse tena. Mechi nzima ya saa mbili itakula kiasi cha GB 3, na mpira utaonekana. Siku wanapokubali ombi hilo, ukuta ule mweupe unapendeza kuliko runinga nyingi za sebuleni.

Projekta ina adui wawili. Wa kwanza ni vumbi. Kichujio chake kikiziba, joto linapanda, mwanga unafifia taratibu bila watu kutambua, na baada ya saa moja na nusu hivi inajizima yenyewe. Bahati mbaya hiyo ndiyo robo ya nne. Kichujio cha namna hiyo kwa mazingira ya Dodoma kinataka brashi kila wiki. Hapa kinasafishwa ikishazima. Wa pili ni jua. Mechi za saa 12 jioni zinaanza wakati jua bado liko juu ya vilima, linazama kati ya saa 12:30 na 12:50, na madirisha ya magharibi hayana mapazia. Nusu saa ya kwanza unaangalia vivuli. Kanga mbili na misumari minne vingemaliza tatizo.

Mvua ni suala jingine. Msimu wa lakrosi unakutana na nusu ya pili ya mvua zetu za Dodoma, na bati lisilo na dari likipigwa na mvua ya Machi hutamsikia mtangazaji hata spika ziwe mbili.

Umeme ukikatika, jenereta inawaka ndani ya dakika moja, hilo tuwape sifa. Ila ruta haijaunganishwa na UPS, ile betri ya akiba, kwa hiyo inazima na kuanza upya, na projekta nayo inataka kupoa kwanza. Kompyuta ina betri, haina shida. Kifaa kidogo cha kushikilia ruta peke yake kingeokoa dakika tatu nne kila mara. Na mkae mkijua kwamba matangazo ya intaneti yanachelewa nusu dakika au zaidi nyuma ya uwanja. Ukiwa na programu ya matokeo kwenye simu, iweke mfukoni. Kuna mzee mmoja wa kiti cha mbele ambaye hushangilia bao kabla halijafungwa. Si mganga, ni simu yake.

Kivutio kikubwa cha banda hili, na pia chanzo cha ugomvi, ni kijana wa maiki. Kati ya robo na robo, na mpira ukitoka nje, anapunguza sauti ya Kiingereza na kueleza kwa Kiswahili. Lugha yake ni tamu. Ule mpambano wa kuanza, ambapo wachezaji wawili wanachuchumaa katikati ya uwanja na mpira uko chini kati ya fimbo zao, anauita "kugombea sufuria," na ukumbi mzima umeshazoea. Fimbo za mabeki anaziita "mijusi mirefu." Tatizo ni pale anapochukua kanuni za soka na kuzivalisha lakrosi.

Kosa lake la kwanza ni kuotea. Anaeleza kama soka: mshambuliaji amezidi beki wa mwisho. Siyo. Katika lakrosi ya wanaume, timu hairuhusiwi kuwa na watu zaidi ya sita mbele, wala zaidi ya saba nyuma, kipa akiwemo. Ndiyo maana utaona kiungo anakimbia na mpira kutoka nyuma mpaka mbele huku mwenzake amesimama kwenye mstari wa kati ameinua fimbo juu: anawaonyesha waamuzi kwamba yeye amebaki. Ukiangalia mpira tu hutaelewa kwa nini filimbi imepigwa. Angalia mstari wa kati.

La pili ni kona. Hakuna kona. Shuti likipita pembeni ya lango na kutoka nje, mpira unapewa timu ya mchezaji aliyekuwa karibu zaidi na mpira ulipovuka mstari. Kwa hiyo mshambuliaji mjanja, kabla mwenzake hajapiga, anatangulia kukimbilia nyuma ya lango. Akikosa mwenzake, yeye ndiye wa karibu, mpira unarudi kwao. Ukumbi humcheka mtu huyo kwamba anakimbia hovyo, kumbe ndiye anayefanya kazi kuliko wote. Na uwanja kweli unaendelea nyuma ya lango, ndiyo sehemu ya kupangia mashambulizi. Hilo peke yake huwachanganya wageni kwa mechi mbili za kwanza.

Fimbo nazo. Za washambuliaji na viungo ni sentimita 102 hadi 107 hivi. Za mabeki ni kuanzia 132 hadi 183, na timu hairuhusiwi kuwa na ndefu zaidi ya nne uwanjani kwa wakati mmoja, ukiacha ya kipa. Yule kiungo anayeingia na fimbo ndefu pale tu wanapolinda, kisha anatoka mbio, si majeruhi kama maiki inavyosema. Kubadilishana wachezaji hakuna kikomo na hakusubiri filimbi. Na saa ile ndogo inayorudi nyuma kwenye kona ya picha ni sekunde 80 za kushambulia, kanuni iliyoanza msimu wa 2019. Ukitazama mechi za kabla ya hapo utaona timu zinashika mpira dakika nzima nzima bila haja ya kupiga, na utaelewa kwa nini ilibidi iletwe.

Kijana akikubali kusahihishwa, huduma hii haina mpinzani mjini. Anakubali mwezi wa kwanza, akinogewa anarudia ya soka.

Upande wa kushoto kuna kile wanachokiita ukuta wa watani: karatasi za manila zenye majozi ya vyuo, mwaka na zawadi ya mshindi. Fika nusu saa mapema uusome, maana lakrosi bila utani wake ni watu wanaokimbizana na vijiti. Jozi ya juu kabisa ni Johns Hopkins na Maryland. Walikutana mara ya kwanza mwaka 1895, miaka 40 kabla Yanga haijaanzishwa. Kutoka chuo hadi chuo ni kilomita kama 50, sawa na kutoka mjini kwenda Bahi, na anayeshinda anaondoka na kaa wa mbao, kwa sababu kaa ndiye kitoweo cha ghuba yao. Hopkins ni chuo cha ajabu: michezo yake karibu yote iko daraja la tatu, lakrosi peke yake iko daraja la kwanza. Timu yake ndiyo iliyoiwakilisha Marekani kwenye lakrosi ya maonyesho ya Olimpiki ya 1928 na ya 1932, hiyo ya pili ikiwa Los Angeles.

Karatasi nyingine inaonyesha Syracuse na Hobart, wanaogombea kombe lenye majina ya makocha wao wawili wa zamani, Kraus na Simmons. Virginia na Hopkins wana kombe la Doyle Smith, mtu wa habari na takwimu za michezo aliyevitumikia vyuo vyote viwili. Tunawapongeza waliochora ukuta kwa kuweka hilo. Kombe la mtunza takwimu halipo kila mahali. Ila karatasi ya Syracuse ina kosa: inasema mataji 11 ya NCAA. Rasmi ni 10. La 1990 lilifutwa na NCAA baadaye. Waandike 10, na chini yake waeleze, maana ni hadithi inayofaa kusimuliwa.

Watu wanauliza kwa nini dabi fulani ipo mwaka huu na mwaka kesho haipo. Jibu ni ligi. Kila chuo kina nafasi chache kwenye ratiba ya kawaida, kumi na tatu, kumi na nne hivi, na ligi yake inachukua sehemu yake kwanza. Kinachobaki ndicho kinagawanywa kwa majirani, watani na timu kubwa za kujipima. Maryland walipohama ligi ya ACC kwenda Big Ten mwaka 2014, mechi yao na Virginia, iliyokuwa na nafasi ya kudumu, ikageuka ya kuombana. Hopkins waliokuwa wakijitegemea miaka yote nao wakaingia Big Ten kwa lakrosi tu, kuanzia msimu wa 2015, na hivyo mechi ya 1895 ikaokoka kwa sababu sasa ni ya ligi. Kwa kawaida inaangukia mwishoni mwa Aprili, jirani na sikukuu ya Muungano. Hiyo ndiyo Jumamosi ya kuwahi kiti. Mwaka ambao Yanga au Simba wana mechi siku hiyo, lakrosi inasukumwa kwenye runinga ndogo ya inchi 32 iliyo karibu na jiko, na kadi ya msimu haikusaidii kitu.

Tukiwa hapo hapo: lakrosi ya wanawake haionyeshwi kabisa, na hilo ni kosa la kibiashara kabla halijawa kosa la haki. Nusu ya wanaopita barabara ile ni wasichana wa chuo wanaocheza netiboli, mchezo wenye macho yale yale ya pasi za haraka na kujitenga na mlinzi. Fainali ya wanawake huchezwa Jumapili ya wikiendi ile ile ya mwisho wa Mei, kwa kawaida saa 1 usiku wetu. Mwaka 2025 North Carolina waliifunga Northwestern 12–8 na kumaliza msimu bila kupoteza mechi hata moja, 22–0. Siku hiyo hiyo, tarehe 25 Mei, ilikuwa mwisho wa ligi ya Uingereza, mechi zote zikianza saa 12 jioni. Inaeleweka ukuta mkubwa ulikwenda wapi. Lakini ile runinga ya jikoni ilikuwa imezimwa.

Jumatano ya kwanza ya kila mwezi ni usiku wa mechi za zamani, bure ukinunua chakula. Kwa maoni yetu hii ndiyo huduma bora ya ukumbi wote, na ndiyo isiyotangazwa. Picha inatoka kwenye kumbukumbu za bure za mtandaoni, inashushwa mchana, kwa hiyo hakuna kukwama. Uteuzi wa mechi unaonyesha kuna mtu anayejua.

Wanayoirudia zaidi ni nusu fainali ya 1988, Syracuse na Penn. Gary Gait anaukokota mpira nyuma ya lango la Penn. Kila mtu anatarajia azunguke upande mmoja. Anakimbia moja kwa moja kuelekea nyuma ya wavu, anaruka kabla ya duara la kipa, ananyoosha fimbo juu ya mwamba na kuuchomeka mpira chini, ndani ya lango, kutoka nyuma. Kipa anatazama mbele. Picha ni ya zamani, rangi zimefifia, lakini kijana wa mitambo hapa anafanya jambo la maana: anarudisha nyuma na kusimamisha mguu wa Gait unapoondoka ardhini, ili watu waone kwamba uko nje ya duara. Mechi hiyo hiyo alilifunga tena bao la namna ile. Baadaye NCAA iliupiga marufuku mtindo huo.

Ya pili ni fainali ya 2009, Cornell na Syracuse. Cornell wanaongoza 9–8, zimebaki chini ya sekunde 30, mpira ni wao. Kazi yao ni kuutoa nyuma tu. Wanaupoteza. Mpira unarushwa mbele juu juu, unadakwa na kurushwa tena, Kenny Nims anafunga zikiwa zimebaki sekunde kama 4. Muda wa nyongeza, Cody Jamieson anamaliza, 10–9. Ukiitazama mechi hii mara ya pili, usiangalie bao. Angalia beki wa Cornell anavyobanwa na kukosa mtu wa kumpa pasi fupi. Ndipo fainali ilipopotea.

Tungeomba waongeze ya 2021, Virginia 17, Maryland 16, kwa ajili ya kipa Alex Rode aliyezuia shuti la mwisho. Kisha waiweke karibu na ile ya 2025 ambapo Cornell waliifunga Maryland 13–10. Vyuo hivyo viwili ndivyo vilivyocheza fainali ya kwanza kabisa ya NCAA mwaka 1971, na Cornell walishinda 12–6. Picha za 1971 hazihitajiki, karatasi moja ya manila inatosha.

Lawama kwenye usiku huu ni moja na tunaiweka kwa uzito. Kati ya robo, na wakati wa mapumziko, ukumbi unazima sauti na kupiga Bongo Fleva. Huko ndiko wachezaji wa zamani wanakozungumza. Quint Kessenich, mmoja wa watangazaji waliosikika miaka mingi kwenye fainali hizi, alikuwa kipa wa Hopkins na alitwaa taji mwaka 1987. Anapoeleza kwa nini kipa amehamisha uzito mguu wa kushoto kabla ya shuti, huyo ni mtu aliyepigwa mashuti yale yale. Paul Carcaterra, mtangazaji mwenzake, alicheza Syracuse. Mahojiano na wazee wa timu za zamani pembeni ya uwanja, ambao wanakumbuka hata upepo ulivuma upande gani, yanadumu dakika mbili tatu na hayarudiwi. Muziki unaweza kusubiri. Maiki ya kijana wetu ingetafsiri dakika hizo mbili, ingefanya kazi ambayo hakuna mwingine mjini anaifanya.

Chakula ni cha kawaida na bei si mbaya. Chipsi mayai zinachelewa, ziagize kabla ya robo ya kwanza kwisha. Mayai ya kuchemsha na kachumbari yapo muda wote. Juisi ya zabibu ni ya zabibu kweli, ila ulizia ya siku hiyo. Choo kimoja, kisafi hadi mapumziko.

Kurudi ni mapema kwa mechi za saa 1 na saa 2 usiku, unapata bajaji. Mechi ya saa 3:30 ikiingia muda wa nyongeza unatoka karibu saa 6 usiku, na hapo bei ya bodaboda kwenda Area C au Kisasa ni ile utakayoambiwa. Patana naye kabla hujaingia ukumbini, mpe namba.

Kuhusu kadi ya msimu: kwa 15,000 unahitaji kuona mechi 15 ndipo irudi. Kwenye karatasi zinaonyeshwa mbili kila Jumamosi kwa takribani wiki 16, kwa hiyo inaonekana ya bure. Toa Jumamosi zinazoliwa na soka, toa zile ambazo ubao umekudanganya, unabaki na kumi na tano au kumi na saba. Halafu nyuma ya kadi, kwa maandishi madogo, nusu fainali na fainali hazimo. Ni 3,000 kila moja. Asiye mkazi wa karibu na chuo alipe mechi kwa mechi. Ukienda, kaa safu ya tatu upande wa kulia: feni inakufikia, spika haikupasui sikio, na mwanga wa dirisha la magharibi unaangukia kiti cha mwenzako.